Meno Sita

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Ang'awa,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
ndipo tunapoifunza mashine kuona.
Watu kumi na mmoja, feni moja,
na birika la umeme linalozima jengo zima
kila mtu akitaka chai.

Tulianza na ngozi.
Kamera za simu zilitupiga tukatoka makaa,
au tukatoka majivu.
Miezi minane nikapima weusi wa watu wa Kibuye:
muuza omena, fundi wa baiskeli,
mtoto aliyetoka majini bila kujifuta.
Weusi wenye buluu ndani yake, weusi wenye wekundu,
weusi wa sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Nambari juu ya nambari.
Hapo tulifaulu. Hapo nilijivuna, sikatai.

Kisha Were Magak, mwenye kampuni, akataka zaidi:
mteja abonyeze mara moja,
chunusi zitoke, kola inyooke,
nguo zilizoanikwa nyuma zitoweke na kamba yake,
jicho lililofumba lifumbuke.
Tukaiita Nyoosha.
Ikanyoosha.

Mwezi wa nne akapanda ngazi mzee Agutu, kutoka Seme,
kofia mkononi, bahasha ndani ya kofia.
Ndani ya bahasha, mwanamke amekumbatia kuku,
anacheka.
Mwaka wa themanini na tatu, mpiga picha wa kupita.
Kona moja imeliwa na mchwa.
"Dada yangu, Dorsila. Hana nyingine.
Tunamzika Jumamosi."

Nikaipitisha kwenye skana. Nikabonyeza.
Kona ikarudi, na majani yake.
Doa la chai likaondoka shingoni.
Hata kuku akapata manyoya.
Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu,
nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Akaitazama.
Akaigeuza akatazama mgongo wake,
kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoizoea.
"Huyu ni nani?"
Dada yako, mzee.
"Huyu ana meno."

Nikainama. Kweli.
Sita ya chini, meupe, yamepangwa kama sabuni dukani.
"Siku alipong'olewa," akasema,
"nilikuwa mdogo, nikapewa mkono wake niushike.
Yeye hakulia.
Aliyeshika mkono ndiye aliyelia."

Usiku nikafungua programu, nikashuka mstari kwa mstari.
Mwanya tulikuwa tumeuacha:
mwanya ni urembo, hata mashine tuliiambia.
Lakini pengo, tuliandika, pengo ni kasoro.
Jaza.
Mwandiko wangu. Jina langu kando yake: Apondi,
na tarehe, na saa, saa nne asubuhi,
saa ya chai.

Mimi, niliyepoziwa uji na nyanya yangu
kupitia pengo hilohilo,
pumzi nyembamba, yenye mluzi kidogo,
ikipasua utando juu ya bakuli.

Nikayang'oa moja moja kwa kipanya.
Ilinichukua hadi jogoo wa mlinzi awike.
Jino la tano lilikataa; kila nikilifuta
mashine ililiotesha tena, kwa wema wake wote.
Kona nayo nikairudishia mchwa.
Sikuambiwa. Niliona tu kwamba mkono uliodanganya
mahali pamoja haupaswi kuaminiwa pengine.

Mzee alipokuja, hakusema asante.
Aliifunika kwa koti lake, kwa kuwa nje kulikuwa na manyunyu,
akashuka ngazi akiihesabia vidato.

Jumatatu, kikaoni, nikaomba tuufute ule mstari.
Were akazungusha kalamu. Si mtu mbaya.
Akauliza anavyouliza siku zote:
"Wenye pengo kama hilo ni asilimia ngapi ya wateja?"

Wanapungua, nikamwambia.
Kila Jumamosi.